Taa kali si tiba kwa mimea inayonyauka ndani ya tangi la samaki

MTU anaponunua tangi la kioo la kufugia samaki, fikira zake zote huwa kwa samaki. Huchagua wa rangi ya dhahabu au wale wadogo wenye mistari, akatafuta chujio la maji, chakula na changarawe za kutandaza sakafuni mwa tangi. Taa huja mwisho. Aghalabu ni ile iliyokwisha kufungwa kwenye kifuniko, na hakuna anayeuliza lolote kuihusu maadamu inawaka.

Hali hubadilika siku mwenye tangi anapoamua kutupa maua ya plastiki na kupanda mimea halisi. Wiki ya kwanza mambo huwa shwari. Kisha majani ya chini huanza kugeuka manjano, mashina yakarefuka na kukonda, na mimea iliyopendeza ikaanza kuoza na kuyachafua maji. Mwenye tangi hurudi dukani kuomba ushauri, na mara nyingi jibu ni moja: taa yake haina nguvu, achukue kubwa zaidi.

Huinunua kwa maelfu ya shilingi. Majuma mawili baadaye kioo kimevaa utando wa kijani, nyuzi za mwani zimeyafunika majani yaliyosalia, na samaki hawaonekani kwa ukungu uliotanda majini. Mimea haikupona. Ilichopata ni mshindani.

Kosa hapa si la taa. Ni la kudhani kwamba mwanga ni dawa ambayo kadiri inavyozidishwa ndivyo mgonjwa anavyopata nafuu. Mwanga ndani ya tangi la mimea ni kama moto chini ya sufuria. Mpishi akiongeza moto ilhali unga ni ule ule, hapati ugali mwingi zaidi, anapata ukoko. Vivyo hivyo, mmea unaopewa mwanga mwingi huhitaji hewa ya kaboni dioksaidi na mbolea kwa wingi unaolingana nao. Ukivikosa, mwanga unaobaki bila kazi hutumiwa na mwani, ambao mahitaji yake ni madogo mno.

Kwa hivyo swali la kujiuliza kabla ya kwenda dukani si taa ipi iliyo kali kuliko zote. Swali ni je, mimea iliyokusudiwa ni ya aina gani, tangi lina kina kipi, na ni nini kingine ambacho mwenyewe yuko tayari kuipa mimea hiyo?

Uhusiano wa mwanga na mimea iliyo majini ulitambuliwa kitambo. Mnamo 1779, Jan Ingenhousz, tabibu mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa Uingereza wakati huo, aliyatumbukiza majani mabichi majini na kuyaangalia. Juani, majani yalitoa viputo vya hewa. Gizani, viputo vilikoma. Alitambua kwamba kilichosababisha hayo ni mwanga wenyewe, wala si joto la jua. Viputo vile vilikuwa vya oksijeni, na kazi aliyokuwa akiitazama ndiyo ambayo wanafunzi wa shule zetu huisoma leo kwa jina la usanisinuru.

Miaka 71 baadaye, mwaka wa 1850, mwanakemia Robert Warington wa London alieleza jinsi alivyowaweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha maji pamoja na mmea wa Vallisneria spiralis. Nia yake ilikuwa kuonyesha kuwa mmea huweza kuwapa samaki oksijeni, nao samaki wakaulisha mmea kwa uchafu wao. Jambo ambalo husahaulika katika kisa hicho ni kuwa hata yeye alisumbuliwa na mwani na majani yaliyooza, hadi alipotia konokono wa kuyala. Tatizo la mwani, basi, ni kongwe sawa na ufugaji wenyewe wa samaki katika vioo.

Wati, lumeni na mwanga wa mmea

Kwa miaka mingi, wafugaji wa samaki, hasa wa Marekani, walifuata kanuni moja nyepesi: wati mbili za taa kwa kila galoni ya maji, yaani takriban nusu wati kwa lita. Kanuni hiyo ilitungwa enzi ya taa za mrija za fluoresenti, na kwa taa hizo ilikuwa na maana kiasi fulani. Leo hii haina maana yoyote. Wati hupima umeme unaoliwa na taa; haisemi lolote kuhusu mwanga unaotoka.

Balbu ya zamani ya waya, yenye wati 60, hutoa takriban lumeni 700 na joto jingi. Mrija wa fluoresenti wa wati 18, wenye urefu wa karibu sentimita 60, hutoa takriban lumeni 1,200, japo nusu ya mwanga huo huelekea juu na kupotea isipokuwa pawe na bati linaloakisi. Taa ya LED iliyoundwa vizuri hutoa lumeni 100 au zaidi kwa kila wati, tena zote zikielekezwa chini. Anayeichukua kanuni ya galoni na kuitumia kununulia taa ya LED ataishia na mwanga maradufu au zaidi ya ule aliokusudia, kisha ashangae mwani unatoka wapi.

Lumeni ni kipimo bora kuliko wati, lakini nacho kina dosari. Kiliundwa kwa ajili ya jicho la binadamu, ambalo huona vizuri zaidi rangi ya kijani inayokaribia manjano. Mmea hautazami kwa jicho. Hutumia nuru yenye urefu wa mawimbi wa kati ya nanomita 400 na 700, na hupendelea zaidi buluu na nyekundu zilizo kwenye ncha mbili za kadirio hilo. Wataalamu kwa hivyo huzihesabu chembe za nuru zinazoufikia mmea, kwa kipimo cha mikromoli katika kila mita mraba kwa sekunde. Jua la adhuhuri lisilo na mawingu hufikisha takriban mikromoli 2,000. Mimea mingi ya majini inayofugwa vyumbani hutosheka na sehemu ndogo sana ya hiyo: inayovumilia kivuli huishi vyema kwa mikromoli 15 hadi 30, ya kadiri huhitaji 30 hadi 50, na ile yenye makuu hutaka zaidi ya hapo.

Kifaa cha kupimia mikromoli hizo ni ghali kuliko matangi mengi ya nyumbani, na hakuna haja ya mtu kukinunua kwa sababu ya tangi moja. Mradi taa ni nyeupe ya kawaida, lumeni zinatosha kukadiria. Wakuzaji wa mimea ya majini hutumia makadirio haya: lumeni 10 hadi 20 kwa kila lita ya maji kwa mimea isiyo na makuu, 20 hadi 40 kwa ile ya kadiri, na zaidi ya 40 kwa ile inayodai mengi.

Chukua mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 36. Zidisha vipimo hivyo, gawanya kwa 1,000, upate karibu lita 65. Ondoa nafasi ya changarawe, mawe na pengo la juu, na maji yenyewe hubaki kama lita 55. Kwa mimea ya kivuli, tangi hilo linahitaji lumeni 550 hadi 1,100, ambazo ni taa ya LED ya wati sita hadi 11 hivi. Nyingi kati ya taa zinazouzwa zikitajwa kuwa za mimea huwa zimepita kiwango hicho tayari.

Pasiwe na anayeyachukua makadirio hayo kama sheria ya Bunge. Huvunjika katika matangi madogo sana na yale ya kina kirefu. Mwanga hutawanyika kadiri unavyosafiri, na maji nayo hufyonza kiasi, yakianza na ile nuru nyekundu. Taa inayotosha kwa tangi la kina cha sentimita 30 huenda isiifae kabisa mimea mifupi iliyo sakafuni mwa tangi la sentimita 60. Fauka ya hayo, kuna vizuizi ambavyo watu huvipuuza: kifuniko cha kioo kilichoganda chokaa, vumbi juu ya taa, na maji yenye rangi ya chai yanayotokana na magogo yaliyowekwa tangini kwa urembo. Kabla ya kununua taa mpya, inafaa kioo kisuguliwe kwanza.

Kinyume chake pia ni kweli. Aliyekwisha kununua taa kali kupita kiasi hana haja ya kuitupa. Kuiinua sentimita 10 au 15 juu ya maji hupunguza makali yake, na mimea inayoelea hufanya kazi hiyo hiyo bila gharama. Wakazi wa Kisumu hawahitaji kuambiwa nguvu ya mimea ya aina hiyo: gugumaji linapofunga Ghuba ya Winam, mwanga haupenyi na mimea iliyo chini yake hunyimwa nuru. Tangini, theluthi moja ya uso wa maji ikifunikwa inatosha. Ila mimea hiyo ikizidi isitupwe mtoni wala kwenye mtaro. Ziwa Naivasha limewahi kuvamiwa na Salvinia molesta, mmea unaoelea uliotoka Amerika Kusini. Ianikwe ikauke.

Kuhusu rangi, hakuna la kuumiza kichwa. Vifurushi vya taa huandikwa kiwango cha Kelvini, na taa za 5,000 hadi 7,000 hutoa mwanga mweupe unaofanana na wa mchana, ambao huwa na buluu na nyekundu ya kutosha. Taa za zambarau zinazouzwa kwa ajili ya mimea hukuza mimea kweli, lakini huwafanya samaki na majani kuonekana kama maiti. Maadamu tangi liko sebuleni ili litazamwe, hiyo ni hasara isiyo na faida.

Hewa isiyoonekana

Kiini cha matatizo mengi kiko hapa. Nje ya maji, mmea huzungukwa na kaboni dioksaidi isiyokwisha. Ndani ya maji, hewa hiyo husafiri polepole mno, takriban mara 10,000 polepole kuliko inavyosafiri angani. Aidha, maji yaliyoachwa wazi hubaki na chini ya miligramu moja ya hewa hiyo kwa lita. Mmea ulio majini kwa hivyo huishi kwa njaa ya kaboni hata kabla taa haijawashwa. Kuumulikia zaidi ni kumhimiza mwenye njaa alime shamba kubwa zaidi.

Majaribio yaliyofanywa nchini Denmark kwa mmea uitwao Riccia fluitans yalionyesha jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mmea huo ulipoongezewa kaboni dioksaidi, ulikua zaidi hata pale mwanga ulipoachwa hafifu kama ulivyokuwa. Sababu ni kwamba mmea usiohangaika kutafuta kaboni huwa na uwezo wa kuwekeza nguvu zake katika kuunasa mwanga kidogo uliopo. Mwenye tangi linalozorota huenda akapata nafuu kwa kuongeza hewa hiyo bila kuigusa taa.

Wanaotaka bustani za kifahari huingiza kaboni dioksaidi kutoka mtungini kupitia mpira mwembamba, hadi ifikie miligramu 20 au 30 kwa lita. Hilo si jambo la kufanywa kwa pupa. Hewa hiyo ikizidi, samaki huja juu wakihema na huenda wakafa kwa saa chache. Hufungwa taa inapozimwa, kwani gizani mimea haiitumii. Yenyewe huvuta oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi kama viumbe wengine.

Mifano miwili ya watu mashuhuri katika uwanja huu inadhihirisha kuwa hakuna mwanga mmoja ulio sahihi. Mjapani Takashi Amano, aliyefariki mwaka wa 2015, alijipatia sifa kote duniani kwa bustani za majini zilizoiga milima na misitu. Tangi lake la mwisho kubwa, lenye urefu wa mita 40, lilifunguliwa mwaka huo huo katika jumba la samaki la Lisbon, Ureno. Amano alitumia taa kali, lakini alizitumia pamoja na mitungi ya kaboni dioksaidi, mbolea zilizopimwa na mikasi ya kupogoa. Naye Mmarekani Diana Walstad, katika kitabu chake cha mwaka wa 1999 kuhusu ikolojia ya tangi la mimea, alipendekeza njia ya kinyume: udongo wa kawaida chini ya changarawe, mwanga wa wastani pamoja na jua kidogo la dirishani, bila mtungi wowote. Kaboni hutoka kwa udongo unaooza na kwa samaki wenyewe. Njia zote mbili zimefaulu. Kinachofeli ni kuchukua taa ya Amano na kuiweka juu ya tangi la Walstad.

Ichaguliwe mimea kwanza

Kwa Mkenya anayeanza, asiye na mtungi wala muda wa kupogoa kila Jumamosi, uamuzi wa busara ni kuanza na mimea inayopenda kivuli kisha kutafuta taa inayoifaa. Wa kwanza katika orodha hiyo ni Anubias barteri, mmea wa Afrika Magharibi na ya Kati unaoota juu ya mawe na magogo katika vijito vilivyofunikwa na msitu. Majani yake ni magumu na hukua taratibu, moja kila baada ya majuma kadhaa. Utaratibu huo ndio unaoufanya uchukie taa kali: jani linalokaa miezi mingi bila kubadilika ni uwanja mzuri wa mwani kujenga makazi. Usizikwe changarawe, shina lake linalotambaa likifunikwa huoza. Hufungwa kwa uzi kwenye jiwe. Kangaga la Java, kutoka Kusini Mashariki mwa Asia, hutunzwa vivyo hivyo.

Mimea ya jamii ya Cryptocoryne kutoka Sri Lanka na nchi jirani za Asia nayo huridhika na mwanga hafifu, ila ina tabia inayowatia watu wasiwasi. Inapohamishwa, majani yake yote huweza kuyeyuka kwa siku chache kana kwamba yamemwagiwa maji moto. Mizizi huwa hai, na majani mapya huchipuka. Wengi huing'oa kabla ya kufika hapo.

Vallisneria, ule mmea wa Warington wenye majani kama utepe, na Ceratophyllum demersum, unaoota pia katika maziwa ya Afrika Mashariki na usio na mizizi kabisa, huhitaji mwanga wa kadiri. Yote miwili ina uwezo wa kupata kaboni kutoka kwa bikaboneti iliyo katika maji magumu. Wakazi wa mwambao wanaotumia maji ya visima vilivyochimbwa kwenye miamba ya matumbawe, ambayo huwa na chokaa nyingi, watapata Vallisneria kuwa rafiki. Anayeshawishika kuchuma mimea ya aina hiyo ziwani mwenyewe akumbuke kwamba konokono wanaojificha kwenye majani, hususan katika Ziwa Viktoria, huweza kubeba vimelea vya kichocho.

Mimea mekundu na ile inayotambaa kama zulia ndiyo huvutia zaidi pichani, na ndiyo huvunja nyoyo za wengi. Rotala nyekundu na Hemianthus callitrichoides, mmea mdogo wa Cuba, hutaka mwanga mwingi, kaboni na mbolea kwa pamoja. Kuipanda bila vyote vitatu ni kutupa pesa.

Jambo jingine linalopaswa kujulikana na kila mnunuzi ni kuwa mimea mingi ya matangi hukuzwa mashambani ikiwa nje ya maji, kwenye unyevunyevu, kwa sababu huko hukua haraka. Majani yaliyozoea hewa hayawezi kufanya kazi majini. Hufa, na mmea hulazimika kuunda mengine. Huo ndio uozo unaoonekana katika majuma matatu ya kwanza, wakati ule ule mwenye tangi anapokimbilia taa kubwa. Dawa ni kuyakata majani hayo, kubadilisha maji mara kwa mara na kusubiri.

Ipo njia ya kutambua upungufu halisi wa mwanga. Mmea ulio gizani hurefuka ukitafuta nuru, pingili zake zikawa mbalimbali, na majani ya chini yakadondoka huku ya juu yakiwa mazima. Majani makuukuu yakigeuka manjano huku pingili zikiwa fupi, huenda ni nitrojeni iliyopungua. Majani machanga yakiwa meupemeupe, ni madini ya chuma. Matundu madogo kwenye majani mara nyingi huashiria ukosefu wa potasiamu. Hakuna taa inayotibu magonjwa hayo matatu.

Kuna hata hivyo kiwango cha chini ambacho hakivukiki. Mmea huunda chakula chake kwa mwanga na wakati huo huo huutumia mwilini. Mwanga ukiwa hafifu mno, kinachotumiwa hupita kinachoundwa, na mmea huwa mithili ya kibarua ambaye nauli ya kwendea kazini inashinda ujira wake. Kumwongezea siku za kazi hakumsaidii. Ndiyo sababu kuacha taa dhaifu ikiwaka saa 16 hakufidii udhaifu wake.

Saa za kuwasha

Hapa nchini, karibu na ikweta, mchana hudumu takriban saa 12 mwaka mzima, na wapo wanaodhani kuwa taa nayo yapasa kuwaka muda huo wote. Si lazima. Jua la asubuhi na la jioni hupiga maji kwa mshazari na mwingi wa mwanga wake huakisiwa. Mmea ulio ziwani hupata nuru kamili kwa saa chache za katikati ya mchana. Tangi jipya linafaa kuanza na saa sita kwa siku, kisha liongezwe hadi nane mimea inapoanza kuchipua. Kupita saa 10 ni kuulisha mwani.

La muhimu zaidi ni kwamba saa hizo zisibadilike-badilike. Swichi ya saa inayochomekwa kwenye soketi ni kifaa cha bei nafuu, na hufanya kazi bora kuliko mtu yeyote wa nyumbani. Mwenye kurudi kutoka kazini magharibi anaweza kuitega iwashe taa kuanzia saa tisa alasiri hadi saa tano usiku ili aifurahie bustani yake. Mimea haijui saa ya ukutani. Samaki, kwa upande wao, hawahitaji taa hiyo ili kuishi, na wale wanaotoka kwenye vijito vyenye kivuli, kama vile neon tetra wa eneo la Amazon, hufifia rangi na kujificha mwanga unapokuwa mkali. Wanahitaji giza la usiku na mahali pa kujibanza mchana.

Dirisha ni suala la tahadhari. Jua la moja kwa moja kupitia kioo cha Nairobi mwezi wa Januari huzidi nguvu ya taa yoyote ya nyumbani, na pia hupasha maji joto. Walstad hulitumia jua, lakini kwa kipimo, na kwa tangi lililojaa mimea inayokua haraka. Tangi jipya lenye mimea michache likiwekwa penye jua litageuka kijani.

Mwani ukishatokea, hatua ya kwanza ni kupunguza saa za taa kwa mbili au tatu, kuutoa kwa mkono na kubadilisha thuluthi moja ya maji. Hali ikiwa mbaya, tangi huweza kufunikwa kwa blanketi siku tatu mfululizo bila mwanga wowote, hewa ikiendelea kupulizwa majini. Mimea yenye afya huvumilia. Hilo pia ni jibu kwa wanaohofia kukatika kwa stima: mimea haitakufa kwa kukosa taa siku moja au mbili. Kinachohatarisha samaki wakati huo ni kusimama kwa chujio na pampu ya hewa, na iwapo kuna betri ya akiba, ifungwe huko.

Kwa upande wa gharama, taa ya LED ya wati 12 ikiwaka saa nane kila siku hutumia chini ya uniti tatu za umeme kwa mwezi. Mirija miwili ya fluoresenti ya wati 18 hutumia karibu uniti tisa, na nguvu ya mwanga wake hupungua polepole hata kabla haijaungua. Enzi ya mirija hiyo inaelekea ukingoni. Muungano wa Ulaya ulikomesha uingizaji wake sokoni Agosti 2023, na mwaka huo huo nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ziliafikiana kukomesha utengenezaji na biashara yake kufikia mwisho wa 2027. Aliye nayo anaweza kuendelea kuitumia, ila ikivunjika madirisha yafunguliwe na vipande viokotwe kwa karatasi ngumu, si kwa ufagio, kwani ndani mna zebaki.

Hatari kubwa kuliko zote ni umeme wenyewe. Wapo wanaoning'iniza taa ya kawaida ya chumbani juu ya tangi lililo wazi, na nguvu za umeme za volti 240 zikawa sentimita chache kutoka majini. Taa inayofaa ni ile iliyozibwa isipenye maji, na ni vyema zaidi iwe inatumia volti 12 au 24 kupitia transfoma iliyowekwa mbali na tangi. Waya wake uachwe uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda tena kwenye plagi, ili tone linaloteremka kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Na kabla ya mkono kutiwa majini, hata kwa kuokota jani moja, plagi ya taa huchomolewa kwanza.